Sosi ya kranberi yenye sukari kidogo: mama mkwe ana kisukari, na mwaka jana niliharibu

BintiPangani

Salaam wanajamvi. Naombeni msaada kabla Alhamisi haijanifikia.

Nipo Worcester, Massachusetts, mwaka wa sita sasa. Kila Alhamisi ya nne ya Novemba Wamarekani wana sikukuu yao ya Shukrani, na sisi tumejikuta tumo, maana watoto wamezaliwa huku na majirani wa ghorofa ya chini ama watualike ama waje kwetu. Mwaka huu zamu ni yangu. Bata mzinga nimeshamweza: nampaka tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tangu usiku, kama kuku wa nyumbani tu, ila huyu ana mwili wa mbuzi. Kinachonishinda ni ile sosi nyekundu ya kranberi.

Kwa wasiozijua, ni matunda madogo mekundu, magumu, na ukali wake ukwaju unasubiri. Yanalimwa hapahapa jimboni, kwenye mashamba ya kinamasi upande wa kusini mashariki, kwa hiyo wenyeji wanayaonea fahari. Pakiti moja ni gramu 340. Nyuma wameandika: kikombe kimoja cha maji, kikombe kimoja cha sukari, chemsha dakika kumi. Nimeipima hiyo sukari. Gramu 200! Kwa kibakuli kimoja cha kuwekwa pembeni ya nyama!

Mama mkwe yuko nasi tangu Agosti. Ana kisukari, anameza vidonge, na ni mtu wa kuonja kila kilichopo mezani. Siwezi kumwambia "mama, hiki si chako" mbele za watu.

Mwaka jana nilijaribu. Sukari nikapunguza nusu, maji nikaacha vilevile. Ikatoka nyepesi kama chai, chungu, maganda yanaelea juu. Wageni walikula kwa adabu. Baba watoto akatoka kimya kimya, akarudi na ya kopo.

Nipunguzeje sukari bila kurudia aibu ile? Na nimesikia kuna nyingine isiyopikwa, ya kusaga mbichi na chungwa. Hiyo ikoje?

---

MpishiWaZamu

Dada, sukari hukuikosea. Ulikosea maji.

Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, Minnesota, na nusu ya wazee wangu wana sukari. Hii sosi naipika kwa masufuria kila mwaka. Sikiliza. Sukari kwenye jemu au sosi kama hii haiweki utamu peke yake, inasaidia pia kugandisha. Tunda lina pektini, ile kitu ya asili inayogandisha jemu, na pektini hushikana kukiwa na asidi na sukari. Kranberi ina pektini nyingi na asidi ya kugawa. Ukitoa sukari ukaacha maji yote, pektini inaogelea tu. Kwa hiyo ukipunguza kimoja, punguza na kingine.

Nifanyavyo mimi kwa pakiti moja: nusu kikombe cha maji ya chungwa, ya kukamua mwenyewe, maji matupu usitie. Peya moja (pear, si parachichi) iliyoiva sawasawa, imenywe na kukatwa vipande vidogo kabisa. Chumvi robo kijiko cha chai, na usiiruke hiyo. Chumvi hupunguza uchungu kwenye ulimi kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana bibi zetu walikula embe bichi kwa chumvi wala si kwa sukari. Kijiti cha mdalasini ukipenda. Kranberi tia zote, bakiza konzi moja.

Funika. Zitaanza kupasuka kama bisi, maana ndani zina hewa. Zikishapasuka nyingi, funua, punguza moto, ponda nusu yake kwa mwiko. Dakika nane mpaka kumi, basi. Ukichemsha sana ukidhani unaifanya nzito, pektini inavunjika na inarudi kuwa nyepesi. Mimina ile konzi uliyobakiza, koroga, zima.

SASA ndiyo unatia sukari. Kijiko kikubwa kimoja, koroga, onja. Kingine, onja. Mimi huishia vijiko vinne vya chakula, yaani gramu 50 hivi badala ya 200. Ukitia mwanzoni unafuata karatasi, ukitia mwishoni unafuata ulimi.

Na usiihukumu ikiwa moto. Itaonekana nyepesi, iache ilale kwenye friji usiku mmoja.

---

MjombaMuskati

Nyie watu wa Marekani mnahangaika na peya wakati Mungu ameleta tende. Binti, chukua tende sita kubwa, zile za Medjool, toa kokwa, ziloweke kwenye maji ya moto, ziponde, changanya na hayo makranberi yako. Hakuna haja ya sukari hata chembe. Chatini ya ukwaju na tende tunaila huku kila Ramadhani na bajia, tunda kali na tunda tamu, mambo yale yale. Mama mkwe atakula bila wasiwasi.

---

NesiWaUsiku

Mjomba, heshima yako, lakini hapo kwenye "bila wasiwasi" sikuungi mkono.

Tende moja kubwa ya Medjool ina takriban gramu 16 za sukari. Sita ni gramu 96. Umemrudishia dada karibu nusu ya kile kikombe alichokuwa anakikimbia, ila sasa kimevaa kanzu. Tende ina nyuzinyuzi, ndiyo, na ladha yake haina mpinzani, lakini kipimo cha damu hakiangalii kanzu. Asali nayo hivyo hivyo: kijiko cha chakula cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko kama hicho cha sukari yenyewe, kwa sababu asali ni nzito. Kila wiki nakutana na mgonjwa aliyeacha sukari akahamia asali, anashangaa namba hazishuki.

Nimepiga hesabu za haraka. Kwa maelekezo ya pakiti, kijiko kimoja cha chakula cha sosi kina sukari gramu sita hivi. Kwa njia ya MpishiWaZamu, ukihesabu na ya peya na chungwa, inakuwa kama mbili na nusu. Mama akila vijiko viwili ni gramu tano. Mimi kingenitisha zaidi ule wali na viazi vya kuponda vitakavyokuwa sahani hiyo hiyo.

Jambo jingine. Kama mama anatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, aulize daktari wake kwanza kabla ya kula kranberi. Vidonge vya sukari vya kawaida kama metformin havina ugomvi nazo. Na usinunue zile zilizokaushwa ukidhani ni njia ya mkato, karibu zote zimeshatiwa sukari kiwandani.

---

MjombaMuskati

Nesi umenivua kanzu hadharani. Haya, tende mbili?

---

NesiWaUsiku

Mbili sawa mjomba. Na upunguze sukari vijiko viwili kufidia.

---

ChapatiMoto

Mimi nipo Dodoma, hizo kranberi sijawahi kuziona kwa macho. Lakini mnavyozieleza mbona ni choya kabisa? Nyekundu, kali, ukiichemsha inakuwa nzito. Mama yangu anapika jemu ya choya na papai bivu, papai ndiyo linaleta utamu, sukari anatia kidogo sana. Binti ukikwama njoo nyumbani.

---

ShangaziCalgary

Sisi Kanada Shukrani yetu ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo mimi nimeshamaliza, nawatazama tu mnavyotokwa jasho. Ngoja nikujibu ile ya mbichi, maana naipenda kuliko ya kupikwa.

Maelekezo ya kawaida yanasema chungwa zima, na ganda lake, saga pamoja na kranberi, mwaga sukari karibu kikombe. Kwa sukari kidogo USIFANYE HIVYO. Ile nyama nyeupe chini ya ganda ni chungu, sukari nyingi ndiyo inayoificha. Ukiondoa sukari, uchungu unabaki uchi. Kwangua ganda la juu tu, lile la rangi ya machungwa, kwa kikwangulio chembamba. Kisha menya lile jeupe lote ulitupe, na utumie nyama ya ndani bila mbegu.

Kranberi zitoke kwenye friza, zikiwa ngumu. Zinasagika vizuri, haziwi uji. Tia kwenye mashine, bonyeza-achia, bonyeza-achia, mpaka zifanane na kachumbari iliyokatwa vidogo. Ukiwa na kinu na nafasi, twanga, ila vaa nguo ya kazi, madoa yake hayatoki. Ongeza tufaha moja tamu na ganda lake, tangawizi mbichi kipande cha kidole, chumvi. Sukari vijiko vinne au vitano.

Halafu iache. Saa ile ile ukiionja utanitukana. Kesho yake chumvi na sukari zimevuta maji ya tunda, ukali umetulia, utaniombea dua.

---

MpishiWaZamu

Shangazi kasema kweli kuhusu ganda jeupe, niliwahi kuharibu ndoo nzima.

Niongeze siri moja ya ile ya kupikwa. Ikiwa bado inakata ulimi, tia baking soda, chini ya robo kijiko cha chai kwa pakiti nzima. Itatoa povu, usishtuke. Inaua sehemu ya asidi, kwa hiyo sukari kidogo inasikika zaidi. Lakini ukizidisha, rangi inageuka zambarau ya ajabu na ladha inakuwa ya sabuni, na sosi inakosa nguvu ya kuganda. Na tafadhali, si yale magadi ya kulainishia maharage!

---

BintiPangani

Jamani, asanteni. Leo Jumapili nimefanya majaribio kwa nusu pakiti. Imeganda! Kijiko kinasimama. Ila nilijitia ujuaji nikaweka karafuu tano, sasa inanukia kama dawa ya meno. Hizo sukari za mbadala je? Jirani ananisifia erithrito.

---

NesiWaUsiku

Erithrito haipandishi sukari, lakini kwenye sosi ikipoa hujirudia kuwa chembechembe, utatafuna kama kuna mchanga. Stivia kidogo inafaa, ikizidi inaacha uchungu nyuma ya ulimi, na wewe uchungu unao wa kutosha. Kwa vijiko viwili vya mgonjwa sioni sababu ya kuhangaika.

Na karafuu tano kwa nusu pakiti, dada? Ulikuwa unapika pilau?

---

BintiPangani

Marejesho, Ijumaa.

Nilifanya zote mbili. Ya kupikwa: maji ya chungwa, peya, tende mbili za mjomba, sukari vijiko viwili, chumvi, iliki mbili badala ya karafuu. Baking soda niliogopa, sikutia. Imetoka nyekundu ya kung'aa, nzito. Jirani wa chini, mama wa makamo ambaye ameila hii sosi maisha yake yote, aliuliza ni ya duka gani. Nilitaka kulia.

Ya mbichi ndiyo ina kisa. Niliiweka mezani, mama mkwe akachota, akaonja, akanyamaza. Nikaona leo kazi ninayo. Akaniita pembeni: "Mwanangu, hii chatini mbona haina pilipili?" Akaenda jikoni mwenyewe, akakatakata pilipili mbuzi, akakamulia ndimu. NDIMU, juu ya kranberi! Akachanganya kwenye bakuli lake dogo. Bata mzinga aliacha, akawa anailia mihogo ya kukaanga. Baba watoto akaifuata, kisha kijana wa jirani, akanywa maji lita nzima lakini akarudi tena.

Baadaye mama mkwe alipima sukari mwenyewe, akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake. Sikuomba kuona.

Swali la mwisho kwenu: zilizobaki zinakaa muda gani?

---

ShangaziCalgary

Sukari ndiyo mlinzi wa jemu, na wewe umempunguza, kwa hiyo usiiweke kabatini hata ukifunga kopo vipi. Kwenye friji wiki moja. Ya kupikwa gawa kwenye vikopo vidogo, tia friza, miezi mitatu haina neno. Na kama una pakiti ambazo hujafungua, zitupie friza hivyo hivyo bila kuosha, osha siku ya kupika. Msimu ukiisha utazitafuta dukani usizione.

Ila hiyo ya pilipili mbuzi, andika vipimo.

---

BintiPangani

Nimemuuliza. Anasema "kiasi." Imebaki bakuli moja, na amelificha nyuma ya galoni la maziwa.