Mjadala: Je, ni haki kumnyima mtoto radhi kwa sababu ya chama?

Ijumaa iliyopita, barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, kahawa haijazunguka mara ya pili, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema neno lililoninyima usingizi. Kijana wake wa miaka 24 amekata kadi ya chama cha upinzani. Mzee mwenyewe ni mwana-CCM tangu chama kilipozaliwa, Februari 1977. Akasema, "Nimeshamwambia, akiendelea na mambo hayo, radhi zangu hana." Wengi wakaitikia kwamba kafanya vyema. Mimi ni mdogo kwao, nikanyamaza. Naliweka hapa tulijadili, na msimamo wangu nautanguliza: mzazi abishane na mwanawe atakavyo, amkosoe, hata amkasirikie. Radhi asiiguse.

Kwetu pwani radhi si neno la kurusharusha. Mtoto anaiomba akisafiri, akioa, akifungua duka. Mama akizidiwa kitandani, watoto wanaitwa kutoka Dar na Mombasa waje waombe radhi kabla hajafumba macho. Kitu kizito namna hiyo unakifungaje kwenye siasa, ambayo jana ilikuwa hivi na kesho itakuwa vingine? Mwaka 2015 Edward Lowassa alitoka CCM, akagombea urais kupitia CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Machi 2019 akarudi CCM. Wako ndugu wa damu hapa mjini waliogombana kwa ajili yake mwaka ule, na mpaka leo hawazikani.

Nasema haya kwa sababu yalitukuta nyumbani kwetu Makorora. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mwaka huo wa 2015 Tanga ilichemka kwelikweli. Uchaguzi ulipokwisha, jimbo la Tanga Mjini likaenda kwa Mussa Mbarouk wa CUF, chama cha upinzani. Mdogo wangu, wakati huo ana miaka 22, aliingia jioni moja na bendera ya chama chake kaifunga shingoni. Akatoa shikamoo. Baba kimya. Akaitoa tena, na baba akaigeukia redio akaongeza sauti.

Tangu siku ile mama akawa anapakua sinia mbili. Moja ni ile ya maua ya buluu, imebanduka rangi ukingoni, tuliyokuwa tukila wanaume wote wa nyumba tangu tupate akili. Ya pili ni kisinia kilichokuwa kikifunikia sufuria. Mama anampasua samaki katikati, nusu huku nusu kule, anazibeba zote mbili bila kusema neno. Mimi leo nakula na baba, kesho na mdogo wangu, na kote chakula hakishuki. Miezi saba tulikaa hivyo, na hakuna aliyebadili chama.

Aliyekomesha ni mama. Siku moja alileta sinia moja tu, akaitua katikati ya mkeka, akasema, "Samaki ni mmoja, mimi simpasui tena." Akaingia zake jikoni. Wakala. Hawakuzungumza, ila wakala. Wiki mbili baadaye baba alimuuliza mdogo wangu chama chao kinasemaje juu ya bandari yetu, wakabishana mpaka adhana ya Isha. Wanabishana hadi hii leo, na shikamoo inajibiwa.

Hoja niliyoisikia sana barazani ni kwamba mtoto wa mwanachama akienda kwingine anamvunjia baba heshima mbele za watu. Hilo silikubali. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alizunguka nchi akimnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Katika uchaguzi huohuo mwanawe, Makongoro, akashinda ubunge Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani. Mtoto wa mwasisi wa TANU, chama cha uhuru kilichozaa CCM! Baadaye Makongoro alirudi CCM, akaja kuwa mkuu wa mkoa. Kama lilimfika Mwalimu, mzee wa Ngamiani asione kaanguka yeye peke yake.

Na hao tunaowaita wazee wa TANU, wao walianzaje? Serikali ya mkoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga. Mwalimu mwenyewe ilimbidi aache kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955. Babu yangu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, akamkataza baba yangu mkubwa asiikaribie TANU, asije akaitia familia nzima njaa. Baba mkubwa akakata kadi kwa siri, akaishonea ndani ya mto wa sufi, akawa anailalia kila usiku. Kisa hiki alitusimulia mwenyewe, na kila akikisimulia alikuwa akijivunia. Baba yangu naye alikuwa akikipenda sana. Lakini 2015 ilipofika hakuona kwamba aliyesimama mbele yake na bendera shingoni ni yuleyule kijana wa kwenye mto.

Sasa nije kwenye hofu, maana hapa wazazi wana hoja nzito, nami siidharau. Wengi hawaogopi chama, wanaogopa yatakayompata mtoto. Jirani yangu mmoja, mama lishe, alikorofishana na mwanawe kwa mambo hayahaya ya siasa, mwezi Agosti mwaka jana wa uchaguzi, 2025. Kwa hasira akaifuta namba yake kwenye simu. Kijana anaishi Dar. Ikafika Oktoba 29, siku ya kupiga kura, watu wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, jijini Dar ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Mama hana namba, na lile kundi la ukoo kwenye WhatsApp, ambako angeweza kuiuliza, halifunguki. Nilimkuta amekaa sakafuni na daftari la madeni ya wateja wake, anapekua ukurasa kwa ukurasa, maana alikumbuka kijana aliwahi kumwandikia namba mpya mahali humo. Tuliipata nyuma ya jalada, karibu imefutika kwa mafuta. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, ikabidi nibonyeze mimi. Kijana alipokea. Alikuwa amejifungia chumbani, salama.

Yule mama alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini wakati anamgombeza mwanawe mwezi Agosti hakumwambia kwamba anaogopa. Alimwambia kwamba ameharibika, kwamba amelishwa maneno, kwamba si mtoto wake. "Mwanangu, naogopa watakuumiza" ni neno ambalo kijana anaweza kulisikia, na pengine likamfanya apige simu aseme yuko wapi. Ukimwambia kaharibika, anaondoka na hakuagi.

Watoto nao nawalaumu, tena sana. Yupo kijana wa shangazi yangu aliyemwita babake "chawa", yaani mpambe wa wakubwa, ndani ya kundi la ukoo, watu sitini wanasoma, wakiwemo wakwe. Baba akamjibu kwa kumwita "nyumbu", yaani mfuata mkumbo. Maneno hayo mawili yanatupwa mitandaoni mchana kutwa na watu wasiojuana. Mtu aliyekulipia ada kwa kuuza machungwa ya Muheza humwiti chawa, hata akiwa anakosea kila siku ya Mungu. Kijana anayetaka asikilizwe aanze kwa kuomba msamaha hadharani, kulekule alikotukana.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa upande mmoja. Ninaye mjomba ambaye ni mpinzani tangu vyama vingi viliporudi 1992. Binti yake alipojiunga na umoja wa vijana wa CCM, alimwambia, "Umenunuliwa kwa fulana na kofia." Mtu aliyepigania miaka yote haki ya kila Mtanzania kuwa na mawazo yake hakumwachia bintiye hata moja. Lile liliniuma kuliko la yule mzee wa barazani.

Imebaki ile ya "anakula kwangu, atapiga kura ya nyumba hii". Katiba yetu, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyefika miaka 18, na ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Haisemi isipokuwa anayekula kwa baba yake. Mzazi ana mamlaka juu ya nyumba yake: anaweza kusema bendera isitundikwe ukutani, mikutano isifanyike uani, mtu asirudi usiku wa manane. Hayo kijana anayekaa kwa wazazi ayatii. Kukata ada ya chuo ni jambo jingine, na wapo waliokata. Uchaguzi unapita, kijana anabaki hana cheti.

Ijumaa hii nakwenda kwa yule mzee, nyumbani kwake, kabla ya kahawa, nikiwa peke yangu ili asione nimemwitia mashahidi. Ni rika la baba yangu, nami siwezi kumfundisha malezi. Nafikiri nitaanza na sinia za mama yangu, kisha nimuulize tu ni lini mara ya mwisho aliitikia shikamoo ya mwanawe. Mliowahi kumkabili mzazi wa namna hii, au ninyi wenyewe mliotamka neno hilo la radhi, niambieni mlianzia wapi na lilirudishwaje. Na anayeona yule mzee yuko sahihi aseme pia, ila aniambie akifa kesho, kijana yule ataingia kaburini kumlaza babake akiwa na nini moyoni.