Kauri za bibi zimefifia baada ya kuzilowesha kwenye siki, naomba ushauri

Salaam ndugu zangu. Marehemu bibi yangu wa Mafia ameniachia kibuyu cha kauri ndogo (magamba ya konokono wa baharini), kama mia mbili hivi, zile tulizozichezea utotoni kama kete. Nyingi zina duara la manjano mgongoni na ubavu laini, kwa hiyo nazichukulia ni aina iitwayo kitaalamu Monetaria annulus. Chache zina vinundu pembeni na hazina duara la kueleweka. Hizo nadhani ni Monetaria moneta, kauri ya fedha iliyotoka Maldivi. (Hata zetu zenye duara zilifanywa fedha, karne ya 19 zilisombwa kwa meli kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi.)

Sasa kosa langu. Zilikuwa na ukoko mweupe, nikalowesha kumi kwenye siki usiku kucha. Asubuhi ukoko umetoka, lakini na mng'ao nao umekwenda, zimebaki kama chaki. Najua sasa kwamba siki hula chokaa, na gamba lote ni chokaa. Nimejaribu kuzipaka mafuta ya nazi: zinang'aa siku mbili, kisha zinashika vumbi.

Naomba kujua: kuna namna ya kurudisha mng'ao kwenye hizo kumi, au ndiyo basi? Na zile zilizosagika mgongo hadi rangi ya zambarau inaonekana, nitazitofautishaje aina bila duara? Nyingine zimechakaa hata vinundu havisomeki.

Zilizobaki sijazigusa, nasubiri majibu yenu.