Mrejesho: shotigani yangu ya kwanza ya nusu otomatiki

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza ninunue shotigani gani ya nusu otomatiki (inayojipakia risasi inayofuata yenyewe kila ukipiga) ya kuwindia ndege kwa bajeti ndogo. Nilifuata ushauri wa wengi: geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) inayojipakia kwa nguvu ya gesi ya risasi, iliyokwishatumika. Kabla ya kulipa nilikagua pete za pistoni inayosukumwa na gesi hiyo na kuchungulia ndani ya mtutu, kama mlivyosisitiza. Teke lake begani ni dogo kweli! Risasi zenye gololi za uzito wa gramu 32 inapiga na kutema maganda bila shida, ila za gramu 24 ganda bado hukwama, hata baada ya kusafisha masizi kwenye matundu ya gesi. Basi nabaki na hizo nzito. Aliyesema nijaribu kwanza kitako kinavyonikaa begani, Mungu akubariki, hilo limenisaidia kuliko yote.