Kikundi cha ukoo, Tanga: swali la vita vya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara

Binti wa Chumbageni: Shikamooni wazee wangu. Mwanangu amepewa kazi ya shule kuhusu vita vya Usambara, naye ameniuliza jambo lililonishinda: ikiwa Semboja na Shekulwavu walikuwa damu moja, watu wa kawaida waliamuaje wa kumfuata?

Mjomba wa Korogwe: Marahaba. Aanze na umri wa mfalme wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, kwa kuwa mzee yule aliishi mno. Mwanawe Mshuza alitangulia kufa, hivyo Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga, mji mkuu, kilimwendea mjukuu, Shekulwavu, mwana wa Mshuza, ilhali wana wa marehemu, Semboja wa Mazinde akiwa mmoja wao, walikwisha kuwekwa kuwa mazumbe, yaani watawala wadogo, kila mmoja na nchi yake. Ami mtu mzima alitakiwa kumnyenyekea kijana aliyempakata. Raia naye alimtii zumbe aliyekuwa karibu naye, si Simba Mwene, yaani mfalme, aliyekaa mlimani.

Kaka wa Mazinde: Shikamoo Mjomba. Naomba niongeze habari ya kwetu. Ukishuka kwenye basi pale Mazinde, mlima uko nyuma yako na nyika iko mbele. Misafara ya kutoka Pangani ilipita humo humo, na Semboja alipata bunduki na baruti kwa biashara. Aliyemfuata alifuata mali na ulinzi. Hata alipomfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, mwishoni mwa miaka ya 1860, alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akabaki Mazinde penye biashara. Kiti kitukufu alimwachia mtoto!

Shangazi wa Muheza: Mwanangu, usiisifie mno biashara hiyo bila kutaja kilichouzwa. Sisi Wabondei tulikuwa upande wa Shekulwavu, lakini asikudanganye mtu kwamba tulimpenda. Tulikuwa tumechoshwa na Wakilindi waliokamata watu na kuwauza pwani, na yeye, baada ya kushindwa, alituruhusu kuwainukia mazumbe waliomuunga mkono Semboja. Maasi hayo ndiyo yaliyoitwa kiva. Ilipowaka, hakuna aliyemuuliza Mkilindi yeye ni wa nani. Waliuawa na kufukuzwa, na wengine wakauzwa kama walivyouza. Shekulwavu alifungua mlango ambao hakuweza kuufunga.

Mjomba wa Korogwe: Hapo Shangazi amesema kweli, ingawa mimi ni wa mlimani na maneno hayo yananichoma. Kila mmoja alikuwa na vita vyake ndani ya vita vile: wakubwa waligombea kiti, Wabondei walitaka kuondokana na wakubwa wote.

Binti wa Chumbageni: Nimeelewa. Ila mtoto huyu babu yake ni wa Mazinde na bibi yake ni wa Muheza. Aandike kwamba ukoo wetu ulikuwa upande gani?

Kaka wa Mazinde: Aandike kwamba sisi ndio tuliokuwa na bunduki.

Shangazi wa Muheza: Na aandike kwamba sisi tuliziona kwa upande wa mdomo.