Wiki nane nyumbani: nishone, nisuke ukili, nitunge mashairi au nijifunze kompyuta?

Karani wa Chumbageni

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote ndugu zangu wa Tanga. Wiki mbili zilizopita, siku ya mvua kubwa, niliteleza barazani nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Nimefungwa hogo, na daktari ameniagiza nikae nyumbani wiki nane, mguu ukiwa juu ya mto kila inapowezekana. Kwa miaka tisa nimekuwa karani wa stoo, natoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, kwa hiyo sijawahi kupata muda mrefu namna hii mchana kweupe, na nisingependa upotee.

Nimefikiria mambo manne: ushonaji wa cherehani, kwa kuwa marehemu mama aliniachia ya miguu, kusuka ukili, ule msuko mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu, kutunga mashairi, ambayo nimeyapenda tangu nilipokuwa mwanafunzi, na kompyuta, hasa majedwali ya hesabu, kwa sababu kazini bado tunaandika daftarini. Fedha niliyotenga ni shilingi 60,000. Ninaomba majibu ya waliojaribu wenyewe, wanieleze ni lipi linamfaa mtu aliye katika hali yangu.

Fundi wa Barabara ya 12

Pole sana dada, Mwenyezi Mungu akupe afya. Nimeshona Ngamiani miaka mingi, na ningefurahi kuona cherehani ya mama ikifanya kazi tena, lakini kwa sasa nakushauri uiache. Cherehani ya miguu huendeshwa kwa kukanyaga, na mwanafunzi mgeni hutumia siku zake za kwanza akipambana na jambo hilo peke yake, kwa kuwa akikosa mwendo gurudumu hurudi nyuma na uzi hukatika au kujikunja chini ya kitambaa. Hata wenye miguu mizima huchoka vifundo. Zipo cherehani za kuzungusha kwa mkono, ila hizo humnyang'anya mwanafunzi mkono wa kulia, akabaki kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto tu, na mshono huenda mshazari. Zenye mota ungeweza kuzikanyaga kwa mguu wa kushoto, lakini shilingi 60,000 hazinunui cherehani mpya ya kufaa kazi.

Ukitaka kuugusa ushonaji, anza na yale yasiyohitaji mashine: kupima mwili kwa futi kamba, kuchora na kukata vipande kwa magazeti ya zamani, kupiga pindo kwa mkono, kutia vifungo. Wanafunzi wengi huja kwangu wakijua kuendesha cherehani na hawajui kukata, na nguo huharibika kwenye mkasi kabla haijafika kwenye sindano. Mguu ukipona, njoo na cherehani yako niitie mafuta, kisha tuendelee.

Mwalimu wa Makorora

Dada, nami niliwahi kukaa nyumbani bila kutarajia. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, sisi walimu wa msingi hatukurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Nilianza mambo matatu kwa mpigo: Kiarabu kwa njia ya simu, bustani ya mchicha katika viroba, na kudarizi vitambaa vya makochi.

Kiarabu kilikufa wiki ya tatu. Bando lilikuwa ghali kwangu, lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa nikitamka herufi vibaya na hapakuwa na mtu wa kunisahihisha, hivyo kila siku nilikuwa nalizoeza kosa langu. Mchicha ulistawi na tukauvuna baada ya mwezi mmoja hivi, ila kazi yake ni ya kuinama na kubeba ndoo, na wewe una magongo. Kudarizi ndiko kulikobaki hadi leo, kwa sababu jirani yangu alikuwa akipita kila jioni, anachukua kitambaa, anakigeuza upande wa nyuma na kunionyesha nilipovuta uzi kupita kiasi. Mimi nisingekuwa na wazo la kuangalia nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni ujuzi upi una soko, tafuta kwanza ni upi una mtu karibu na nyumba yako atakayeutazama mkono wako.

Kijana wa Sahare

Shikamoo dada, na shikamoo mwalimu. Mimi ninafanya kazi za kompyuta, na ninaunga mkono majedwali ya hesabu, kwa kuwa ndiyo pekee katika yale manne utakayorudi nayo kazini siku ya kwanza. Mtu anayejua stoo tayari ameshavuka nusu ya safari. Unajua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kompyuta itakachokuongezea ni kujumlisha yenyewe kila unapobadilisha tarakimu, na kukuonyesha bidhaa iliyopungua kabla haijaisha. Zipo programu za bure zinazofanya kazi bila intaneti zikishapakiwa, kwa hiyo bando halitakusumbua.

Lakini lazima niseme ukweli wote. Huwezi kujifunza vizuri kwenye simu, kioo ni kidogo na jedwali lina safu nyingi, na shilingi 60,000 hazinunui kompyuta mpakato. Kama huna pa kuazima, usilazimishe. Halafu kukaa mezani kwa saa nyingi huku mguu ukining'inia huleta uvimbe. Mjomba wangu alivunjika hivyo hivyo na vidole vyake vilikuwa vikivimba kila alipokaa kitini.

Mtunzi wa Raskazone

Bibie, kati ya yote uliyoyataja, ushairi ndio usiohitaji hata senti, na unafanyika ukiwa umelala chali. Usidhani, hata hivyo, kwamba ni jambo la kupitisha wakati tu. Anza na tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), vina vya kati vifanane na vya mwisho vifanane. Hesabu kwa vidole, silabi moja baada ya nyingine, wala usiliamini sikio peke yake siku za mwanzo.

Nikuonyeshe kwa hali yako mwenyewe. Mgeni wa fani ataandika, "Mguu unanisumbua, nimeketi barazani." Hesabu ukwapi: m-gu-u-u-na-ni-su-mbu-a, ni mizani tisa, umezidi mmoja. Sema "Mguu wanisumbua" na zitakuwa nane, kisha utao "nimeketi barazani" ni nane vilevile. Mshororo wa pili ufuate kina: "Kutwa kucha nangojea, salamu za majirani." Umeona kwamba kukata silabi moja hakukuondoa maana, bali kumeirudisha lugha katika umbo lake la zamani ambalo bibi zetu walilitumia kwa mazungumzo ya kawaida. Ukiandika beti mbili kwa siku na kuziweka hapa, nitazipitia zote, na hilo ni ahadi.

Mjukuu wa Tongoni

Ninaandika kwa niaba ya bibi yangu, ambaye nimemsomea mazungumzo haya yote tangu mwanzo naye ananituma nikujibu. Anakupa pole, na anasema ukili ulisukwa na watu waliokaa chini wamenyoosha miguu tangu zamani, hivyo jamvi lako na mto wako ndivyo vifaa vya kwanza, na tayari unavyo.

Anasema usianze na ukindu, ambao ni laini na wa mikeka mizuri, bali anza na miyaa, majani magumu kidogo, kwa kuwa inavumilia makosa. Ianikwe juani mpaka ukijani uishe, na kwa kuwa huu ni msimu wa masika usiifungie chumbani ikiwa na unyevu, itaota ukungu na kuwa na madoa meusi yasiyotoka. Chana chane, yaani vipande vyembamba, za upana mmoja. Bibi hupima kwa ukucha wa kidole chake kidogo. Kabla ya kusuka, zinyunyizie maji na kuzifunga ndani ya kanga mbichi, kwa sababu chane kavu hukatika pale inapokunjwa ukingoni.

Kosa la kila mwanafunzi, na lilikuwa langu pia, ni kuvuta kwa nguvu zaidi kwa mkono ule aliouzoea. Ukitazama hatua moja huoni kitu. Ukisuka pima mbili ukaulaza ukili sakafuni, unakuta umepinda kama mundu, na kili zilizopinda zikishonwa pamoja mkeka hujaa mawimbi wala haulali chini hata ukiukanyaga. Bibi alinifunga macho kwa leso nikasuka kwa kupapasa, ndipo nikaanza kuhisi kidole gumba cha kulia kinavyobana kuliko cha kushoto. Chane ikikaribia kwisha, chomeka mpya chini yake kabla haijaisha kabisa, ncha zibaki upande wa nyuma, utazikata kwa mkasi mwishoni.

Kuhusu soko anasema ukweli: kwa wiki nane hutauza kitu. Utapata kili za kutosha kawa moja au kikapu kidogo, na kitakuwa na kasoro. Ila anakuja mjini kila Jumamosi kwa mwanawe Chumbageni, na yuko tayari kuketi nawe.

Karani wa Chumbageni

Nimesoma kila neno, nami ninawashukuru sana. Fundi, cherehani ya mama nimeifunika mpaka mguu upone, na magazeti nimeanza kuyakusanya. Kijana wa Sahare, kompyuta ya kuazima sina, ila nimemwomba mkuu wangu wa kazi aniruhusu kujifunza pale ofisini nitakaporudi. Nimeamua kusuka ukili asubuhi, wakati barazani kuna mwanga, na usiku nihesabu mizani kitandani. Mjukuu, mfikishie bibi shikamoo yangu, kisha umuulize: chane ngapi kwa ukili wa kwanza, na ninunue miyaa kiasi gani?

Mjukuu wa Tongoni

Marahaba, ndivyo anavyosema. Anza na chane saba. Miyaa usinunue, atakuja na fungu lake Jumamosi baada ya adhuhuri. Wewe tayarisha ndoo ya maji, kanga kuukuu na mkasi unaokata.