Mjadala: Nishani ya babu isiyo na karatasi, tuipokee au tuikatae?

Mleta mada

Wakuu salaam, na shikamooni wakubwa zangu.

Kuna jambo limenikera na nataka tulijadili. Familia moja ya Tunduru ilipeleka vitu vya marehemu babu yao kwenye ofisi moja inayokusanya kumbukumbu za vita. Vilikuwa ndani ya kopo la sigara: nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake wa buluu iliyoiva na mstari mwekundu katikati, pamoja na noti za rupia zilizoandikwa kuwa zimetolewa na Serikali ya Japani. Mzee alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wao wenyewe walikuwa wakisema Bama. Ofisi ikawajibu: nyota haina jina, karatasi hamna, vitu kama hivi vinauzwa kila mahali, rudini navyo. Binti wa marehemu alitoka pale analia.

Swali langu ni hili: familia ikija na kitu cha vita na maneno yake tu, kipokelewe au kikataliwe?

Msimamo wangu nauweka wazi. Sababu waliyopewa ni ya mtu asiyezijua nishani. Nyota za Vita vya Pili walizopewa askari wa Uingereza na wa makoloni yetu zilitolewa bila jina. Afrika Kusini na Australia ni miongoni mwa waliowaandikia askari wao. Kwa hiyo nyota ya Burma ya askari wa Keya ikija na jina, jina hilo limechongwa baadaye na mtu kwa hiari yake. Za Vita vya Kwanza ni kinyume chake. Ile medali ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano hupigwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Ile ndiyo ikija tupu, uliza maswali.

Na zile noti zina la kusema. Wajapani walichapa fedha za kila nchi waliyoikalia na kuzitia herufi yake: za Burma huanza na B, za Malaya M. Hizi za Tunduru zina B. Mtu anayebuni hadithi kijijini hajui hilo. Nawasilisha.

Mkusanyaji

Mleta mada, poleni kwa familia, lakini umeegemea upande mmoja mapema mno. Mimi nanunua na kuuza sarafu na nishani, na nakwambia kila dalali anayebisha hodi kwangu ana babu.

Chukua rupia 15 ya dhahabu, ile yenye tembo. Mjerumani aliipiga Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huo. Zilipigwa 16,198 tu. Wanaoniletea hawana mwisho, na kila mmoja babu yake alikuwa askari na alikabidhiwa na Mjerumani mkono kwa mkono. Ya kweli ina gramu 7.17 hivi, dhahabu asilimia 75. Nyingi zinaumbuka kwenye mizani ya sonara kabla mwenyewe hajamaliza kusimulia.

Hizo noti za Japani ndizo dhaifu kabisa. Zilichapwa kwa wingi wa ajabu, hadi leo zinauzwa bei ya soda. Herufi B inathibitisha noti ni ya Burma. Haithibitishi babu alifika Burma. Makumbusho ikipokea kwa maneno, kesho kitu hicho kinauzwa nje ya nchi kwa jina la makumbusho hiyo. Bila karatasi, hapana.

Mjukuu wa Keya

Mkusanyaji, karatasi gani unayoitaka? Babu yangu alisaini kwa dole gumba. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kililiwa na mchwa juu ya dari pamoja na paa lenyewe. Jina alilosajiliwa nalo si alilozaliwa nalo, kwa sababu karani aliandika alivyosikia, akaongeza jina la kijiji basi. Leo mnataka majina yafanane herufi kwa herufi?

Nikukumbushe ya Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki kwenye Vita vya Kwanza, malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, wenye vyeti wakahesabika. Wengine walikuja na vipande vya magwanda yao ya zamani, wengine mikono mitupu. Yule aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani apige kwata la bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Mtu mwenye nia ya kujua hupata njia ya kujua. Ofisi ile haikuwa na nia.

Mkusanyaji

Kisa kizuri, kaka, nami nakipenda. Lakini ufagio ule ulimpima mtu aliyekuwa hai. Sisi tunaulizwa kuhusu kitu ambacho mwenyewe amekufa. Wewe mjukuu nikupe ufagio utapiga kwata gani?

Mama Muleba

Wanangu, mimi ni mjane wa Vita vya Kagera, niwaambie la kwangu. Ndani kwangu kuna noti ya Uganda yenye sura ya Amini. Ni noti halali kabisa, hata benki watakubali ni ya kwao ya zamani. Mume wangu alipigana, jina lake liko jeshini, hilo halina ubishi. Lakini noti ile hakuitoa vitani. Tuliipata sokoni Mutukula tulipokuwa tunauza ndizi.

Sasa wanangu wa kuzaa wamekwisha kuwaambia wageni kwamba baba aliitoa mfukoni mwa askari wa Amini. Nikiwasahihisha wanasema, mama, acha, inapendeza hivyo. Mimi nikifumba macho, nani atabaki kusema ukweli? Askari ni wa kweli, noti ni ya kweli, maneno ni ya uongo. Msiangalie kitu peke yake. Mkae na mtu mzima mmoja mmoja, msiwasikilize wakiwa wamekusanyika, maana wakikusanyika wanaongea la aliyesoma.

Sonara wa Kariakoo

Shikamoo mama, umesema kweli tupu.

Mimi niseme la mikono. Medali ya fedha ya Vita vya Kwanza ina kipenyo cha milimita 36. Wahuni hufuta jina la askari asiyejulikana na kupiga jina jingine. Ukipiga tupa ukingo umekula chuma, hakirudi. Izungushe ndani ya vernia, kile kipimo cha upana cha fundi, polepole na usome upana kila upande: iliyofutwa inakuwa nyembamba, na mara nyingi si sawasawa pande zote. Hata kidole kinasikia.

Utepe uweke gizani chini ya ile taa ya kukagulia noti bandia, ipo kila duka la fedha. Nyuzi za zamani hubaki zimefifia. Nyuzi za kisasa huwaka weupe wa buluu, kwa sababu ya dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika sana viwandani baada ya vita. Lakini msikimbilie kumwita mtu mwizi. Sabuni ya unga ina dawa hiyo hiyo. Bibi aliyefua utepe wa marehemu kwa heshima, ukawaka, hajaghushi kitu. Vilevile nyota iliyosuguliwa kwa Brasso, dawa ya kung'arisha shaba, miaka na miaka inafutika makali yake, ikafanana na ya kunakiliwa. Geuza upande wa nyuma, ambao watu hawausugui sana, ndiyo usome chuma.

Mwalimu, Ngara

Naongeza moja tu na silitanii. Familia ikileta risasi, bomu au kitu msichokielewa, msikipokee na msikishike, iteni polisi. Novemba 2017 hapa wilayani kwetu wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga walipoteza maisha kwa bomu ambalo mtoto aliliokota akidhani ni chuma chakavu.

Mleta mada

Asanteni wote. Mama Muleba, maneno yako yamenifanya nilipange upya jambo lenyewe, ila sijahama upande.

Tunachanganya maswali matatu: kitu ni cha kipindi hicho? Askari huyo alikuwepo? Kitu hicho kilipita mikononi mwake? La kwanza ni la sonara. La pili ni la kumbukumbu za jeshi, na hapo familia isiyo na cheti haijashindwa bado. Ukoo ukisema babu alinusurika kwenye meli Khedive Ismail, dai hilo ni zito na linapimika. Meli ile ilitoka Mombasa, ikazamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu 1,297 na walionusurika ni zaidi kidogo ya 200. Muulize mzee wa ukoo: alikuwa kikosi gani? Askari wa Afrika Mashariki waliojaa mle walikuwa wa mizinga. Akijibu bila kuongozwa, una pa kuanzia. Hivyo hivyo kwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliovaa alama ya kichwa cha faru na kupita Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944. Na akikuletea Nyota ya Burma na Nyota ya Pasifiki pamoja akisema zote ni za mzee mmoja, simama: kanuni ilimpa mtu moja tu kati ya hizo, ya pili ikawa kibamba cha kushona kwenye utepe.

La tatu halitajibika kikamilifu mara nyingi, na Mkusanyaji yuko sahihi kulihofia. Lakini yeye anahofia bei, na hofu ya bei ni ya mnunuzi. Makumbusho hainunui hadithi. Inaweza kuandika kibao chenye mistari miwili: huu ndio ukweli tuliouhakiki, na haya ndiyo maneno ya familia, yamesemwa na binti wa marehemu, siku fulani. Kitu kikikutwa si chenyewe, mstari wa kwanza unabadilishwa na wa pili unabaki ulivyosemwa. Ofisi ile haikupima uzito, haikumhoji binti, haikuandika jina. Hata kopo la sigara hawakuligeuza kuona chapa ya kiwanda. Huko si kuhakiki.

Mkusanyaji, nakuomba jambo. Wewe umeona nyingi. Kama una cheti cha kuachishwa jeshi cha askari wa Keya wa 1945 au 1946, funika jina na utuwekee picha ya pande zote mbili, tuone muhuri ulikaa wapi na namba iliandikwaje. Familia ya Tunduru inasema kuna karatasi iliyochanika kwa shangazi yao Masasi, imebaki nusu ya chini tu.

Mkusanyaji

Ninacho kimoja, cha 1946. Nitakiweka kesho asubuhi kukiwa na mwanga. Waambie shangazi asiigundishe ile nusu kwa gundi wala selotepu.