Naomba ushauri: kupima ukatili gerezani bila kumchongea mhojiwa

Wanazuoni, naomba ushauri kuhusu utafiti wa uzamivu juu ya ukatili baina ya wafungwa katika magereza ya Kenya. Vibali havina utata: kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya Kenya inayotoa leseni za utafiti), kisha idhini ya Idara ya Magereza. Mkuu wa gereza bado anaweza kukuweka langoni siku nzima, lakini hilo ni la subira tu.

Ugumu uko kwenye data. Daftari la nidhamu hubeba kile askari alichokiona. Kipigo cha usiku bwenini hakifiki humo. Daftari la zahanati lina majeraha, ila sababu inaweza kuandikwa "aliteleza bafuni". Ukimwita mtu mmoja mmoja anaonekana msaliti, na nyapara (mfungwa anayesimamia wenzake) akikuchagulia wahojiwa atakuletea watu wake. Kwa hiyo sampuli itatolewa kwa bahati nasibu kwenye orodha ya kuhesabu wafungwa asubuhi, na kila aliyechaguliwa akae kwenye chumba cha mahojiano kwa urefu uleule wa muda, hata anayekataa kujibu. Je, hilo linatosha kuwaficha waliosema?

Pili, mahabusu wa wiki 3 na mfungwa wa miaka 10 hawalingani. Swali la "miezi 6 iliyopita" linampunja wa kwanza. Bora kugawa matukio kwa siku za kukaa, au kuwachambua kando?

Tatu, fomu ya ridhaa. Mhojiwa akitaja mpango wa kumchoma mwenzake kisu, usiri unakoma wapi, na mnaliandikaje sharti hilo bila kumfunga mdomo?